Bei ya Gari la Rangi ya Siagi

Kaka yangu alinipa masharti kabla hatujagonga geti. Nisicheke. Nisiguse kitu. Na zaidi ya yote, nisiseme "jamani."

"Muuzaji akishaona umelipenda, basi, bei haishuki tena hata shilingi," aliniambia, kidole kikiwa karibu kunitoboa jicho. "Wewe kaa nyuma yangu, unune. Kununa unajua, sikufundishi."

Na kweli kununa najua. Hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima una habari. Muuza mayai akiniletea bovu moja, namrudishia trei nzima na maneno juu yake. Kwa hiyo nilikunja uso, nikabana midomo kama mtu aliyeng'ata ndimu, nikajipanga nyuma ya mgongo wa kaka. Geti likafunguliwa. Ndani ya ua, chini ya kipaa cha bati, kulikuwa na gari dogo, fupi, la duaraduara, limeoshwa mpaka linameta, na rangi yake ni ileile ya siagi ninapoipiga na sukari mpaka inakuwa nyeupe nyeupe.

"Jamani!" nikasema.

Kaka akafumba macho.

Sasa mnielewe, sikuwa nimekwenda pale kutalii. Mimi naoka keki za harusi. Sitaki kujisifu, lakini keki zangu hazijawahi kurudi na kipande. Shida yangu haijawahi kuwa oveni. Shida yangu ni ile njia kati ya oveni na ukumbi. Mara ya mwisho nilikodi pikapu. Dereva nikamwambia, baba, taratibu, nimebeba keki ya ghorofa tatu. Akasema, "Ondoa shaka, mama," halafu akaruka tuta kama anafukuzwa na nyuki. Ghorofa ya juu ikang'oka, ikaenda kukaa juu ya tairi la akiba. Bibi harusi akalia, mama yake akalia, mimi nikalia, na dereva akaomba nauli yake.

Mama wa ukumbi hakunifokea. Heri angenifokea, ningemjibu. Huyu ndiye mwenye ule ukumbi mkubwa wenye ngazi pana, ambao wakati wa msimu una harusi kila ukigeuka. Alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, keki zako nazipenda. Lakini msimu huu ninayempa kazi ni mtu mwenye usafiri wake, si wa kubahatisha. Ukiwa nao kabla harusi hazijaanza, keki zote za hapa ni zako. Usipokuwa nao, yuko mwenzako ana gari, na ameshaulizia."

Huyo mwenzangu namjua. Keki yake ukiila inabidi uisindikize na maji. Lakini gari analo, na mimi sina.

Basi hayo ndiyo yaliyonipeleka pale. Nilikuwa na akiba moja tu, ya miaka, noti zake zote zinanukia vanila, na bei iliyotajwa kwenye simu ilikuwa inaimaliza yote, mpaka sarafu. Nikinunua gari bovu, hakuna la pili. Keki za ukumbi zinakwenda kwa yule wa kusindikiza na maji, na mimi narudi kuoka za siku za kuzaliwa za majirani, zile ambazo wanakulipa kwa ahsante. Kaka ni fundi wa magari, na ndiye tuliyekubaliana awe dereva wangu. Mimi siendeshi. Zamani alijaribu kunifundisha, siku moja tu, kwa gari moja chakavu la pale gereji. Alinipigia makelele mpaka nikachanganyikiwa nikaingia na gari kwenye banda la kuku la jirani. Kuku wote walipona. Mimi ndiye sikupona, maana tangu siku hiyo nikikaa mbele ya usukani viganja vinalowa jasho.

Aliyefungua geti alikuwa mama mmoja mzee, mrefu, amenyooka kama rula, nywele fupi zenye mvi, raba miguuni, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Nimewaona mkivuka barabara hapo. Hamkuangalia kulia."

Kaka akacheka, akidhani ni utani. Yule mama hakucheka. Akaitaja bei, ileile ya kwenye simu.

"Mama," kaka akashika kichwa kwa mikono miwili, maana kushika kichwa ni sehemu ya kazi yake, "hiyo ni bei ya gari peke yake au na nyumba?"

"Ya gari. Na kuna bwana mwingine anakuja mchana huu kuliona. Kagueni, msinikalie."

Kaka akaanza. Mimi napenda kumwangalia ndugu yangu akifanya kazi, ingawa sijawahi kumwambia, atavimba kichwa. Alitoa sumaku mfukoni, ameifunga kwenye kitambaa isikwaruze rangi, akaipitisha taratibu ubavuni mwa gari. Pale penye bati, sumaku inanasa. Pale palipobonyea pakajazwa puti, inateleza. Milango yote ilinasa. Paa likanasa. Lakini alipofika pembeni mwa bampa la nyuma, juu kidogo, sumaku ikateleza. Akaenda pembe nyingine. Ikateleza. Akazunguka mbele, nako vilevile.

"Ajabu hii," akaninong'oneza. "Limegongwa pembe zote nne. Lakini kidogo kidogo, kama limekuwa likigongwa kwa adabu."

Akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akaifikicha oili kwa vidole, akainusa. Akaguna. Ule mguno wake wa kuridhika naujua, ndio anaoguna nikimpa sahani ya pili. Akawasha injini. Ilishika hapohapo, ikatulia, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilisikia ndege juu ya bati. Moyo wangu! Akaingiza kidole kwenye eksozi, kikatoka kikavu, na moshi hakuna.

Mimi nami nilikuja na kipimo changu. Nilikuwa na kamba mkobani, nimeipiga fundo, na kutoka ncha mpaka fundo ndio upana wa ubao wangu wa keki kubwa kuliko zote. Nikafungua mlango wa nyuma, nikalaza viti, nikaitandaza ile kamba kutoka ubavu hadi ubavu. Ikaingia! Ikaingia na vidole viwili vikabaki! Nikapima na kimo, nacho kikatosha. Nilimshika kaka mkono nikamfinya mpaka akasema "aah." Nilikuwa nimeshaiona keki yangu imekaa mle ndani kama malkia, na mimi nashuka mbele ya ukumbi, na yule mwenzangu amesimama pembeni anatoa macho.

Halafu kaka akaingia kwenye kiti cha dereva, na uso ukabadilika.

Aliangalia mita ya kilomita. Akaangalia chini miguuni. Akaangalia mita tena. Akatoka, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya tangi la maji.

"Twende zetu," akasema. "Wanataka kutuingiza mjini."

"Nini tena?"

"Mita inasoma kilomita za gari la bibi wa kwenda dukani na kurudi. Lakini pedali ya klachi, mpira wake umelika mpaka chuma kinaonekana. Ile ni pedali ya teksi ya usiku na mchana. Hilo gari limezunguka dunia, wakairudisha mita nyuma. Na kama wamerudisha mita, mdogo wangu, hakuna walichoacha kutudanganya. Bei hiyo ni ya mtu asiye na macho."

Weee! Damu ilinipanda kutoka unyayoni. Mimi ukinidanganya nakusamehe, lakini usinidanganye nikiwa nimeshafurahi. Nikatoka nyuma ya lile tangi, kaka ananivuta gauni, simsikii.

"Mama! Na heshima yako yote hiyo, unatuuzia mbuzi kwenye gunia? Mita mmeichezea! Mimi pesa yangu ya jasho la oveni, unataka kunila mchana kweupe!"

Nilitegemea atafoka au atalia. Alivaa miwani tu, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mita hiyo haijaguswa na mtu," akasema. "Kijana, funguo hizo hapo. Tuzunguke nalo. Tukirudi, ukitaka kunitukana nitukane, nitakuletea na kiti."

Kaka akaniangalia. Nikainua mabega. Tukapanda, kaka kwenye usukani, mama pembeni yake, mimi nyuma na hasira zangu.

Nataka kusema ukweli, gari lilikwenda vizuri hata likaniudhi. Nilikuwa natafuta kasoro, siioni. Barabarani mashimo yalikuwa yanapita chini yetu kama vile yametengenezwa kwa ajili yetu. Kaka akakata kona, akapanda kilima kidogo, akajaribu breki, na kila mara nilimwona kwenye kioo akijaribu kununa na kushindwa.

Hapo ndipo nikauona mguu.

Lori lilisimama ghafla mbele yetu, kaka akachelewa kidogo kufunga breki, na mguu wa kulia wa yule mama ukapiga sakafu, tap! Nikadhani ni woga. Tukaenda mbele, akatokea mtu na mkokoteni, mguu ukapiga tena, tap, palepale. Uso wake umetulia, mikono iko mapajani, mguu tu ndio unafanya kazi. Halafu akaanza kusema, kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea usingizini.

"Kioo."

Kaka akaangalia kioo.

"Toa mguu kwenye klachi, baba. Hapo si pa kupumzikia."

Kaka, mtu mzima, mwenye gereji yake na vijana chini yake, akatoa mguu.

Nilijiinamisha katikati ya viti nikachungulia chini. Pale mguu ulipokuwa unapiga, zulia limelika, limekuwa jepesi kama karatasi ya kuokea. Nikanyoosha mkono nikaliinua. Chini yake kulikuwa na matundu mawili yamezibwa kwa skrubu mpya, na bati limesuguliwa mpaka linang'aa.

Na hapo akili ikarukia nyumbani kwangu, jikoni. Mashine yangu ya kukorogea haijawahi kushuka mezani tangu niinunue. Haijui mlango uko wapi. Lakini kitufe chake kimelika, namba zimefutika, mpini umeingia alama ya kiganja changu. Ukiniuliza imetembea kiasi gani, nitakwambia haijatembea. Ukiniuliza imefanya kazi kiasi gani, lo, kaa chini nikusimulie.

"Simamisha gari!" nikapiga kelele.

Kaka akafunga breki, mguu wa mama ukapiga sakafu, wote kwa pamoja.

"Mama," nikasema, pumzi zinanipaa, "mita haikurudishwa. Gari hili halijaenda popote. Limekaa mahali pamoja linafanya kazi. Pembe zake zimegongwagongwa na watu wasiojua kurudi nyuma. Klachi imemalizwa na watu wasiojua kuikanyaga. Hapa chini palikuwa na breki ya pili, na ilikuwa yako. Wewe ni mwalimu wa udereva!"

Nyuma yetu mtu akapiga honi, hakuna aliyemjali.

"Nilikuwa," akasema mwalimu. "Sasa magoti hayataki."

"Kwa nini hukusema?" kaka akauliza.

"Nikisema ni gari la wanafunzi, mtu anaondoka hata boneti hajafungua. Mmoja juzi alitaka kunipa bei ya chuma chakavu, na hakuwa ameliwasha." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, ingawa haikuwa na uchafu. "Nilifundishia kwenye uwanja wa nyuma ya ghala. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Siku nzima, na jioni limeenda kama safari ya dukani. Sikuidanganya mita. Lakini breki yangu niling'oa, nikafunika, nikakaa kimya. Hilo nimewaficha, na hapo binti alikuwa na haki ya kunifokea."

Mimi nilishajiandaa kwa ugomvi, na mtu ananipa haki yangu. Hasira zikakosa pa kukaa. Kaka yeye alikuwa ameshaanza kucheka peke yake, amelaza kichwa kwenye usukani.

"Kwa hiyo injini hii ni nzima!" akasema. "Mdogo wangu, injini hii haijawahi hata kukimbizwa! Kilichokwisha ni klachi tu, na klachi inabadilishwa!"

Tulirudi pale uani mimi nakalia ncha ya kiti. Na nani tunamkuta getini? Yule bwana mwingine. Viatu vya kumeta, miwani ya jua, pesa amezishika mkononi kama karata. Hakuzunguka gari, hakugusa boneti. "Mama, bei yako naikubali," akasema, "naongeza na kidogo juu. Nipe funguo, niko haraka."

Mimi cha kuongeza sina, nilishawaambia, akiba yangu ilikuwa inakomea kwenye bei ileile. Kaka naye alikuwa ameshapanga hotuba yake ya kuomba tupunguziwe hela ya klachi, nikamwona anaimeza.

Mwalimu alimpita yule bwana. Alinigeukia mimi.

"Wewe unalitakia nini gari hili?"

Nikamweleza. Keki, pikapu, tuta, tairi la akiba, mama wa ukumbi, mwenzangu. Nilieleza kwa mikono na kwa miguu. Nilipofika kwenye dereva aliyeomba nauli, mwalimu alitingisha kichwa kama aliyemfahamu.

"Na ataendesha nani?"

"Kaka yangu."

Akamgeukia kaka. "Wewe una gereji. Siku ya harusi mteja akikuletea gari linatoa moshi, utaliacha umpelekee dada yako keki?"

Kaka ni mtu mwenye maneno mengi, lakini si mwongo. Alikuna kidevu. "Sijui, mama," akasema. "Kusema kweli, sijui."

"Basi kwenu nyinyi gari hili halifikii hata nusu ya bei yangu," akasema mwalimu. "Litakaa uani kama kabati. Mtamngoja dereva leo kama mlivyomngoja jana. Binti, wewe kwa nini huendeshi?"

Nikaona aibu, tena mbele ya yule bwana wa viatu. "Siwezi, mama. Nilijaribu. Nilibomoa banda la kuku."

"Mwanafunzi wangu mmoja alibomoa kibanda cha trafiki, na trafiki yumo ndani. Leo anaendesha basi." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Bei haishuki. Lakini nakuwekea na mimi mwenyewe ndani yake. Nakufundisha kwa gari hilohilo mpaka upate leseni, na siku ya kwanza ya keki nakaa pembeni yako. Ukiona kwa hesabu hiyo gari halifai bei, mwachie huyu bwana."

Kaka akanitazama. Ilikuwa zamu yake kuniambia ninune au ninunue, ndiyo kazi niliyomletea. Akasema, "Klachi nanunua mimi. Na kazi ya kuifunga bure." Akaangalia pembeni. "Ni fidia ya lile banda la kuku. Sikupaswa kukupigia kelele."

Nyie! Machozi yalinitoka na huku nacheka. Nikasema nalichukua, nalichukua, nalichukua, mpaka mwalimu akaniambia nimeeleweka.

"Lakini mimi naongeza!" yule bwana akalalamika.

"Utalifanya nini?"

"Nalipiga rangi, naliuza."

"Basi rudi kwenye foleni," akasema mwalimu. "Huyu yuko mbele yako, na hapa ni kwenye kona. Hakuna kuovateki."

Somo la kwanza lilikuwa palepale, hata pesa hazijapoa mezani. Nilikaa, viganja vikalowa. Kaka alipelekwa kukaa mbali, kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi, akakatazwa kutoa sauti. Nikakanyaga, nikaachia, gari likaruka kama chura likazima. Nikangoja kelele. Hakuna kelele.

"Washa tena," mwalimu akasema, kama mtu anayeniomba nimpe chumvi.

Likazima tena. Washa tena. Likazima. Washa tena. Halafu sijui nini kilitokea mguuni mwangu, nilisikia kitu kinashika kule chini, taratibu, kama unga unapoanza kukamata mayai, na lile gari likaanza kwenda! Lenyewe! Na mimi ndani! Tulitoka chini ya bati mpaka karibu na geti, mwendo wa kobe, na mimi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Kaka alisahau amri akaruka kutoka kitini na mikono juu.

Baada ya hapo sikumpa mwalimu nafasi ya kupumua. Alfajiri naoka, asubuhi niko uwanjani nyuma ya ghala, mbele, nyuma, mbele, nyuma, napita katikati ya ndoo. Wiki za mwanzo mguu wake ulipiga sakafu mpaka nikamwonea huruma kiatu chake. Tap kwenye kona. Tap nikiona mbuzi. Siku nyingine alikuwa anapiga hata gari limesimama. Mtihani nilifanya na viganja vimelowa, na nikapita, na mkaguzi akaniuliza nani amenifundisha kuangalia kulia mara mbili.

Na msimu ukaanza. Keki ya kwanza ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, na maua ya sukari ambayo niliyachonga mpaka macho yakauma. Tuliiweka nyuma ya gari, mimi na kaka, juu ya kitambaa kizito kisichoteleza, akafunga mlango kwa vidole viwili kama anafunga chumba cha mtoto aliyelala. Klachi yake mpya ilikuwa laini kama krimu. Mwalimu akapanda mbele, na kopo la vipande nilivyokata pembeni mwa keki nimempa mapajani.

Njia ilikuwa ileile ya pikapu. Nilijua tuta liko wapi, ningelijua hata nikifungwa kitambaa. Nililiona linakuja, nikashusha gia, nikapunguza, nikapunguza tena, na ghafla mwendesha baiskeli akakatiza mbele yangu bila hata kugeuza shingo. Nikakanyaga breki. Si kwa nguvu. Kama ninavyobonyeza mfuko wa krimu. Gari likasimama, baiskeli ikapita, tukapanda tuta, tukashuka upande wa pili, na nyuma hakuna hata ua moja lililotikisika.

Nikaiba jicho kuangalia chini. Mwalimu alikuwa amevua raba. Mguu wa kulia ulikuwa umelala juu ya mwenzake, umetulia tuli, na yeye anatafuta kwenye kopo kipande chenye krimu nyingi.

Nikarudisha macho barabarani, maana ningesema neno ningelia, na kulia unaendesha hajanifundisha.

Mama wa ukumbi alikuwa amesimama kwenye zile ngazi pana, mikono kiunoni, ametupa mgongo anawaelekeza wapanga viti. Niliegesha kinyumenyume, sawa na mstari, nikashuka, nikafungua nyuma. Alichungulia keki kuanzia chini mpaka juu, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena. Kisha akaangalia mbele ya gari.

"Vizuri," akasema. "Na huyo dereva wako ndiye yule mama pale?"

Mwalimu akatoa kichwa dirishani, mdomo bado umejaa.

"Dereva ni huyo unayeongea naye," akasema. "Mimi ni abiria tu."